Fundi Ndimi, Mwalimu na Mashine za Gemu

Baba yao alikuwa fundi redio. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo linalotazama barabarani, meza ndefu iliyojaa alama za kuungua, na rafu tatu za redio zilizokuwa zikingoja vipuri. Binti yake wa mwisho alikulia chini ya meza ile. Alipofika miaka saba aliweza kufumba macho akakwambia kwa harufu tu kama kilichoungua ni transfoma au ni waya. Alipofika kumi na tisa, macho ya baba yalikuwa yamefifia, na pasi ya kulehemia ikahamia mkononi mwake.

Wateja walichungulia dirishani, wakamwona msichana aliyefunga kitambaa kichwani, wakauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ndimi."

Walidhani hawakusikia sawasawa. "Hapana, binti, tunamuulizia fundi mwenyewe."

"Ndimi," alirudia, akanyoosha mkono kupokea redio.

Ndivyo jina lilivyomganda. Fundi Ndimi. Watani wa mtaani walisema jina limekosea mlango, kwa sababu ndimi ni za wasemaji, na huyu angeweza kushinda kutwa nzima bila kutoa maneno ya kujaza kiganja. Maneno yote ya nyumba ile yalichukuliwa na dada yake.

Dada alimzidi kwa miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemsuka nywele, aliyemkagua kucha kila Jumatatu na aliyemfundisha kusoma kwa kumwekea kidole juu ya gazeti. Akasomea ualimu, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa mitaa miwili kutoka dukani, na tangu hapo kila mtu akamwita Mwalimu, hata mdogo wake. Alikuwa na sauti ya kufika uwanja wa pili bila kipaza sauti. Akikohoa ofisini, darasa la nne walinyamaza.

Mwalimu alitaka mdogo wake asome zaidi, awe daktari, au basi awe nesi. "Utakaa na mabetri mpaka lini?" alikuwa akimuuliza. Ndimi aliendelea kukaza skrubu.

Mashine ya kwanza ya gemu aliiona akiwa na miaka ishirini na sita. Ililetwa na dereva wa malori ya masafa, imefungwa ndani ya fulana kama mtoto mchanga. Lilikuwa boksi la kijivu lenye mdomo juu wa kupokelea kaseti, na nyaya mbili zikining'inia, kila moja ikiishia kwenye kibao kidogo chenye vitufe.

"Nimewaletea wanangu," dereva alisema. "Nimechomeka, ikatoa moshi, basi. Sasa wananiangalia kama mimi ndiye niliyewaibia."

Ndimi aliifungua. Adapta ilikuwa ya umeme mdogo wa kule ilikotoka. Huku ilikuwa imepewa umeme mara mbili ya kimo chake, ikaiva. Alitafuta transfoma ya redio ya zamani, akaipima, akaifunga mahali pake. Kisha akachomeka waya kwenye televisheni ya dukani na kuanza kuzungusha chaneli. Chenga, chenga, chenga. Halafu chenga zikatulia na kikatokea kigari chekundu kwenye barabara nyeusi.

Akabonyeza kitufe. Kigari kikasogea kushoto.

Wewe uliyekua na vitu hivi hutaona ajabu. Lakini Ndimi alikuwa ameishi na televisheni kama unavyoishi na mgeni mheshimiwa: yeye anaongea, nyinyi mnakaa mnamsikiliza. Siku ile mgeni alimsikiliza yeye. Alipeleka kigari kulia, akakirudisha, akakigonga ukutani makusudi aone kitafanya nini.

"Fundi, imepona?" dereva aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado kidogo," alisema. Uaminifu wake kwa wateja ulikuwa mkubwa na hakuwa na tabia ya kuwadanganya, lakini hilo lilimtoka, na akacheza nusu saa nyingine.

Baada ya dereva akaja mwenye duka la vitambaa na ya kwake, akaja mganga wa meno, akaja mama mmoja mwenye wana wanne waliomchosha. Zikaanza kuingia kwa makatoni. Kaseti nazo zikafurika, za manjano na za bluu, zimeandikwa gemu elfu moja ndani. Ukizihesabu unakuta saba, zimerudiwa kwa majina mengine. Watu walipuliza kaseti kabla ya kuichomeka, kwa nguvu kama mtu anayewasha moto wa kuni. Ndimi aliwaambia mate yanaleta kutu, hawakumsikiliza, kwa hiyo kila mwezi alikuwa na foleni ya kaseti za kusafisha kwa spiriti na pamba. Redio za baba zikapungua rafu kwa rafu. Baba alifariki mwaka rafu ya mwisho ilipojaa mashine za gemu, na kabla hajaenda alizipapasa kwa vidole, akauliza, "Hizi nazo zinasema?"

"Hazisemi, baba. Zinachezwa."

"Basi zitaharibika sana," mzee alisema, akaridhika kwamba binti yake hatakosa kazi.

Ugomvi na Mwalimu ulikuja mwaka wa nane wa biashara hiyo.

Ndimi alikuwa na televisheni moja mlangoni kwa ajili ya kujaribu mashine zilizopona. Mtu akichukua mashine yake, kwanza acheze dakika mbili, athibitishe. Lakini majaribio yana watazamaji, na watazamaji wengi walikuwa na sare za shule. Ndimi, akiwa ameinama na pasi yake, hakuinua kichwa kuangalia ni saa ngapi wala nani yuko hapo. Hilo lilikuwa kosa lake, na baadaye alilikubali.

Mwalimu aliingia asubuhi ya Jumatano na kukuta wanafunzi wake kumi na wanne. Hakupiga kelele. Aliwataja mmoja mmoja kwa jina la baba, wakatoka wamejipanga. Kisha akavuta waya ukutani, akaifunga mashine ndani ya khanga yake.

"Mimi najenga kule, wewe unabomoa huku," alisema.

"Dada, hiyo ni ya mteja."

"Mwambie mteja aje ofisini kwangu."

"Hatakuja. Anakuogopa."

"Vizuri." Akafika mlangoni, akageuka. "Mama angekuona, angesema nimekulea vibaya."

Hilo neno la mama ndilo lililofanya kazi. Ndimi angeweza kusamehe mashine. Alitoa mashine yake mwenyewe akampa mteja, akahamisha televisheni ya majaribio kuipeleka chumba cha nyuma, akabandika karatasi mlangoni inayokataza sare za shule. Hakumwambia dada yake lolote kati ya hayo. Mwalimu naye hakuuliza. Wakawa wanaonana misibani na harusini, wanaulizana hali kwa adabu, kila mmoja akijibu nzuri. Binti wa Mwalimu, aliyempenda mama yake mdogo, alijaribu mara mbili kuwakalisha meza moja. Mara ya tatu alikata tamaa, akaenda ng'ambo kufanya kazi ya unesi, akaolewa huko huko.

Miaka ikaenda na mashine zikabadilika. Kaseti zikafa, zikaja za sahani. Jicho la kusomea sahani likichoka, watu waliipindua mashine kichwa chini ikasoma, na kuna nyumba zilizoishi hivyo miaka mitatu, mashine imelala chali kama mende. Zikaja pedi za kuchezea zinazotetemeka mkononi gari likigonga. Zikaja zisizo na waya. Zikaja zinazopata joto kali mpaka risasi ya kulehemia ya ndani inaachia, na Ndimi akajifunza kuzirudisha kwa feni ya hewa ya moto na subira. Wateja nao wakabadilika. Wale waliokuja wakiwa na sare sasa walikuja na tai na mkoba, wakasema mashine ni ya watoto, na ukiwaangalia vidole unajua ni ya nani. Bibi mmoja mkunga alileta ya kwake waziwazi. "Mimi nikitoka zamu sitaki kuongea na mtu," alisema. "Nipe mpira wangu nicheze." Kitu kilichokuwa cha ajabu sebuleni kikawa kama pasi ya nguo: kikiharibika, nyumba inalalamika.

Ndimi alikuwa na miaka hamsini na mbili, Mwalimu sitini na mitatu na amestaafu, simu ilipopigwa kutoka ng'ambo.

"Mama mdogo," mpwa wake alisema. "Mama ameanguka bafuni. Jirani amempeleka hospitali. Ni kiharusi. Mimi nitapata ruhusa baada ya wiki mbili."

"Naenda," Ndimi alisema.

"Najua hamko..."

"Mwanangu, nimesema naenda."

Alimkuta dada yake kitanda cha dirishani. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, mkono na mguu, na mdomo umevutwa pembeni. Mwalimu alimtazama, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Akajaribu tena. Machozi yalimtoka kwa hasira kabla ya huzuni. Ndimi alivuta kiti, akakaa, na kwa kuwa mmoja wao lazima aongee, akaanza yeye. Aliongea kuhusu jirani aliyepaka nyumba rangi ya karoti. Aliongea kuhusu paka wa duka la vitambaa. Aliongea vitu ambavyo hajawahi kumwambia mtu, mpaka koo likamkauka, na nesi wa zamu akasema kwa upole kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Mpwa alikuja, akakaa siku kumi, akalia uwanja wa ndege. Mwalimu akahamia kwa mdogo wake, kwenye chumba kile cha nyuma, ambacho mlango wake hufunguka dukani. Walitoa rafu moja, wakaingiza kitanda. Televisheni ya majaribio ilibaki kwenye kona kwa sababu haikuwa na pa kwenda.

Mara mbili kwa wiki alikuja mtaalamu wa viungo, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Alimpa Mwalimu mpira wa kuminya, akampa vibanio vya nguo avibane kwenye kamba. "Mkono usipotumika utasahau kazi," alieleza. Mwalimu aliufikisha mpira ule nje ya dirisha kwa mkono wa kushoto. Vibanio alivifuatisha. Alikuwa amefundisha watoto wa chekechea kubana vibanio. Hakuwa tayari kufundishwa yeye. Alikataa pia kutamka silabi alizoandikiwa. Alilala akitazama ukuta, na kila siku Ndimi aliona mwili unazidi kuzama kwenye godoro.

Mwezi wa tatu, mhasibu mmoja alikuja kuchukua mashine yake. Ilikuwa ya kisasa, imetengenezwa feni, na kama desturi aliingia chumba cha nyuma kuijaribu. Alimwomba Mwalimu radhi, akamwamkia shikamoo, akakaa kwenye stuli. Aliweka gemu ya mbio za magari. Kona ya kwanza akagonga ukuta. Akarudia, akagonga. Alikuwa mtu wa kukanyaga mafuta tu. Mara ya tano, gari likiwa linaikimbilia kona ile ile, sauti ilitoka kitandani.

"Breki."

Lilikuwa neno zima, na lilikuwa na ukali wake wote wa zamani. Mhasibu aliruka kama mwanafunzi aliyeshikwa na chingamu. Ndimi aliacha pasi ikaunguza meza.

"Umesema nini, dada?"

Mwalimu alijitafuta, mdomo ukahangaika. "Bre... Breki," alisema, akimnyooshea mhasibu kidole cha kushoto. "Haju... hajui."

Mhasibu, Mungu ambariki, alikaa saa nzima akigonga kuta. Nusu ya mara zile aligonga makusudi.

Jioni hiyo Ndimi alimwekea dada yake pedi mapajani. Hapo ndipo shida ilipoonekana. Pedi imetengenezwa kwa ajili ya mikono miwili: wa kushoto unaendesha, wa kulia unakanyaga mafuta na breki. Mwalimu alijaribu kushika yote kwa mkono mmoja, pedi ikateleza, ikaanguka, gari likatoka barabarani. Alisukuma kitu kile pembeni na kugeukia ukuta. Ndimi aliijua migongo ya watu waliofedheheka. Wateja wengi huwa na mgongo huo wakileta kitu walichokiharibu wenyewe.

Aliichukua pedi, akaifungua.

Ubao wa kwanza ulikuwa wa droo kuukuu. Alitoboa vitundu, akatia vitufe vya kengele za mlangoni, akavuta nyaya kutoka kwenye pedi mpaka kwenye kila kitufe. Vilikuwa vigumu mno. Hata yeye alichoka kidole. Ubao wa pili aliweka swichi ndogo zinazokaa ndani ya kipanya cha kompyuta, zile zinazolia tik ukizigusa, akaziwekea vifuniko vya chupa za dawa ili ziwe pana. Huo ulifanya kazi ila uliteleza mapajani. Wa tatu aliubandika mpira wa kandambili chini, ukatulia. Usukani na mafuta na kila kitu aliviweka upande wa kushoto, mkono mzima ulipokuwa.

Mtaalamu wa viungo aliutazama ubao huo muda mrefu.

"Fundi, umefanya kazi nzuri sana," alisema. "Lakini ukimpa yote kushoto, mkono wa kulia umeupa likizo ya kudumu."

"Wa kulia hauwezi."

"Uwekee kitu kimoja. Kimoja tu, ambacho hawezi kuishi bila hicho."

Ndimi hakuhitaji kufikiri. Alihamisha breki upande wa kulia.

Mwalimu alimchukia kwa wiki mbili. Gari lilikwenda vizuri mpaka kwenye kona, na kwenye kona lilihitaji mkono uliolala. Alikuwa akiuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, anautua juu ya kitufe kama mtu anayeweka mfuko mezani, na wakati huo gari limeshaingia ukutani. Aligonga, akagonga. Alitukana, na matusi nayo ni matamshi. Mtaalamu wa viungo aliyaandika kwenye daftari lake kama maendeleo. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa na akiba ya maneno ambayo mdogo wake hakuwahi kuiota.

Siku ya thelathini na kitu, Ndimi akiwa dukani anahudumia mteja, alisikia tik. Ilikuwa tik ya upande wa kulia. Alikuwa amezifunga mwenyewe, anazijua sauti. Alisimama mlangoni. Kidole cha shahada cha dada yake kilikuwa juu ya kifuniko cha chupa, hakijapelekwa na mkono mwingine. Kwenye kioo, gari lilikuwa limepunguza mwendo, likaikata kona, likatoka upande wa pili.

Mwalimu hakugeuka. "Umeona?"

"Nimeona."

"Usi... usilie. Una mteja."

Maneno yalirudi kwa mwendo wake, mengine yakiwa yamekaa mahali pasipo pake. Aliita kijiko ufunguo na ufunguo kijiko, akajicheka. Mchana mmoja, duka limepoa, mashine imezimwa, alimwita mdogo wake akae kitandani.

"Ile mashine," alisema. "Niliyochukua."

"Ilishapita hiyo, dada."

"Ngoja. Niliiweka... kabatini, ofisini. Mteja hakuja. Nikasema, atakuja. Nilipostaafu nikaikuta." Alipumzika. "Nikaitupa. Niliona aibu kuirudisha."

"Nilimpa ya kwangu."

Mwalimu alimtazama. "Yako?"

"Nilikuwa na moja. Nikampa."

Lori lilipita barabarani, vioo vikatetemeka.

"Na lile la mama," Mwalimu alisema. "Halikuwa kweli. Nililitafuta neno la kukuumiza, nikaliona hilo."

Ndimi alishika mkono wa kulia wa dada yake, akaanza kuukanda vidole kama alivyofundishwa. "Uliliona vizuri," alisema. "Liliingia."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Sikuwa na jinsi ya kusema."

Mtaalamu wa viungo alimwonyesha daktari wa hospitali picha ya ubao. Baada ya wiki akaja na seremala aliyepoteza vidole vitatu kiwandani, mtu mkubwa aliyeificha mikono mfukoni hata akisalimia. Akafuata mama mwenye nusu mwili uliolala, akafuata msichana aliyezaliwa na mkono mfupi, ambaye alimwambia Ndimi waziwazi kwamba hataki kitu cha mazoezi, anataka kumfunga kaka yake mpira. Ndimi alimpima kwa kamba, akamtengenezea ubao wa kucheza kwa kiwiko. Kaka alifungwa tano bila. Kila ubao ulikuwa tofauti, kwa sababu hakuna ulemavu unaofanana na mwingine. Seremala alipopata wake, alizitazama mbao zake, akasema kazi ni nzuri ila maungio ni ya aibu, na tangu hapo akawa anamchongea Ndimi mbao yeye mwenyewe, kwa vidole vilivyobaki.

Wakati huo mashine mpya zilikuwa zimeanza kuja zimegandishwa kwa gundi, hazina mahali pa sahani, gemu zinashuka kwa intaneti tu. Mafundi wenzake walilalamika kwamba kazi inakwisha. Ndimi alilalamika nao kidogo, kwa ujirani, kisha akarudi kwenye mbao zake.

Intaneti hiyo hiyo ndiyo iliyomletea Mwalimu mjukuu. Binti yake alinunua mashine mbili zinazofanana, moja akaituma nyumbani, moja akabaki nayo. Mjukuu wa kike alikuwa na miaka tisa, na bibi yake alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa hajaota meno. Sasa kila Jumamosi walivaa vipokea sauti vyenye kinasa mdomoni na kuingia barabara moja, gari la kijani na gari la njano, kila mmoja nchi yake.

"Bibi, unanizibia njia," sauti ndogo ilisema.

"Kazi ya shule umemaliza?"

"Bibi, niache nipite."

"Sikusikii. Umemaliza?"

"Bado hesabu."

"Basi kaa hapo nyuma yangu mpaka ujue saba mara nane."

Ndimi alisikia hayo akiwa mezani na alicheka peke yake mpaka bisibisi ikamwanguka. Mtoto yule alimlazimisha bibi yake kuongea haraka, kwa sentensi nzima, kwa sababu kwenye mbio hakuna anayekungoja utafute neno. Mtaalamu wa viungo alisema yeye asingeweza kubuni zoezi kama lile.

Mwaka wa pili Mwalimu alitangaza kwamba anarudi kwake. Hakuomba, alitangaza. Alitembea kwa mkongojo, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, na mkono wa kulia uliweza kubonyeza, kushika kikombe kisichojaa, na kufunga kitasa. Kuandika hakukurudi. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizoinama kama zinasukumwa na upepo. Ndimi alimfungia mashine sebuleni, akamwekea ubao wa nne, huu wa seremala, wenye maungio ya heshima. Jumanne na Alhamisi sebule ile ilipokea watu sita wa hospitali na mbao zao, na Mwalimu alichukua mahudhurio kwenye daftari. Aliyekosa bila taarifa alipigiwa simu.

Likizo ndefu iliyofuata, binti yake alikuja na mtoto. Ndimi na Mwalimu walikwenda uwanja wa ndege mapema mno, wakasimama kwenye kizuizi cha chuma kati ya watu waliobeba mabango. Mjukuu alitoka wa kwanza, akiwa na begi mgongoni, akamtambua bibi yake kwa picha. Alimkumbatia, akaulizia gari la kijani, akauliza kama ni kweli bibi mdogo ndiye aliyetengeneza ubao. Ndimi alisema, "Ndimi," na mtoto akacheka kwa sababu mama yake alikuwa amemsimulia.

Kisha akaanza kukimbia kuelekea mlango wa nje, kama watoto wanavyofanya wakitoka kwenye ndege. Alikimbia hatua kumi hivi, akageuka kuwaita. Akamwona bibi yake akija: mkongojo, mguu mzima, mguu unaoburuta. Alikuwa hajawahi kumwona akitembea. Wiki zote zile alikuwa akimfahamu kama gari la kijani linalomtangulia kwenye kila kona.

Alisimama pale pale akiangalia. Alirudi zile hatua kumi, akasimama upande wa kulia wa bibi yake, akaushika ule mkono, wakaenda mlangoni kwa mwendo wa bibi. Ndimi na mpwa wake waliwafuata nyuma na mabegi. Mbele yao Mwalimu alikuwa tayari ameanza.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita, bibi."

"Nane mara tisa?"

Mtoto alipunguza hatua, akifikiri.